Majina ya Taa za Mafuta za Kioo Kilichonakshiwa: Tatizo la Fasili na Istilahi, Kutoka Pwani Hadi Titye

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohusu taa za mafuta, hasa taa za kale za kioo kilichonakshiwa kwa rangi kwa mkono. Inadaiwa kwamba msamiati huo umejengeka kwa tabaka, na kwamba kila tabaka ni ushahidi wa njia ambayo kifaa kilipita kuingia bara. Mfano unaotumiwa ni Titye, katika nyanda za juu za Kigoma, ambako Kiha na Kiswahili hukutana. Aidha, inaoneshwa kwamba upungufu unaotajwa mara kwa mara, yaani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuelezea taa hizo, si upungufu wa maneno bali ni upungufu wa fasili. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya istilahi na ya namna ya kuzifasili.

1.0 Utangulizi

Kifaa kinapoacha kutumika, jina lake halifi siku ileile. Hubaki vinywani mwa wazee, katika semi, katika kamusi, na wakati mwingine huhamia kwenye kifaa kingine. Kipindi hicho cha katikati ndicho chenye manufaa makubwa kwa mwanaleksikografia, kwa kuwa wasemaji wanaokijua kifaa bado wapo, ilhali wale wasiokijua wamekwisha kuwa wengi kiasi cha kuhitaji maelezo. Kikipita, kamusi hubaki na neno ambalo fasili yake haiwezi kuhakikiwa tena.

Taa za mafuta zimo katika kipindi hicho sasa. Kata ya Titye, katika Wilaya ya Kasulu, ni mfano mzuri. Kwa muda mrefu mwanga wa usiku katika nyanda hizo ulitokana na moto wa mafiga, kibatari na kandili. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji wa dizeli, na bei yake ikakaribia ile ya dizeli yenyewe. Baadaye taa za umemejua na tochi za simu zilienea, na mwaka 2022 Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na gridi ya taifa. Mtoto anayeanza shule leo aweza kulijua neno taa bila kuwahi kuona utambi.

Swali la makala haya ni hili: iwapo mfasiri, mtunza makumbusho au mwalimu atatakiwa kuieleza kwa Kiswahili taa ya kale ya kioo kilichonakshiwa, ana maneno gani mkononi? Jibu la haraka hutolewa kwamba hana, na kwamba istilahi ziundwe kutokana na Kiingereza. Jibu hilo halikubaliki kabla ya kuchunguza kilichopo.

2.0 Kifaa na Muundo Wake

Haiwezekani kufasili jina bila kukielewa kitu. Taa za mafuta mazito, kama vile ya mimea na ya wanyama, zilikuwa na tatizo moja kubwa: mafuta hayo hupanda kwenye utambi kwa shida. Aimé Argand, Mswisi, alipobuni taa yake mnamo mwaka 1780, alitumia utambi wa mviringo ulio wazi katikati ili hewa ipite ndani na nje ya mwale. Kisha mwale ukazungushiwa bomba la kioo lililovuta hewa kwenda juu. Mwanga uliongezeka sana, lakini chombo cha mafuta kililazimika kuwekwa juu, pembeni mwa mwale, ili mafuta yateremke yenyewe.

Mafuta ya taa yalibadili muundo huo. Abraham Gesner alionesha namna ya kuyatengeneza huko Kanada mwaka 1846. Ignacy Łukasiewicz alitengeneza taa ya kuyatumia mjini Lwów mwaka 1853, nacho kisima cha Edwin Drake huko Pennsylvania, Marekani, kilichotoa mafuta ya petroli mwaka 1859, kilifungua njia ya kuyapata kwa wingi. Kwa kuwa mafuta haya ni mepesi, hupanda kwenye utambi bila kusaidiwa. Hivyo chombo cha mafuta kiliweza kuwekwa chini ya mwale, na taa ikapata umbo linalofahamika: kitako, chombo cha mafuta, mdomo unaoshika utambi, bomba la kioo, na juu yake kifuniko cha kupooza mwanga.

Umbo hilo ndilo lililowapa mafundi wa kioo nafasi ya kupamba. Chombo cha mafuta na kifuniko cha mviringo vilitengenezwa kwa kioo cheupe kisichoonesha upande wa pili, kisha vikanakshiwa kwa maua, ndege au mandhari zinazooana, cha juu na cha chini. Rangi zilizotumika katika kazi bora ni enameli, yaani unga wa kioo uliochanganywa na oksidi za metali. Fundi huipaka kwa brashi, kisha kifaa huingizwa tanuuni katika joto lisilofikia kukiyeyusha kioo chenyewe. Rangi hushikamana na kioo na kuwa kitu kimoja nacho. Rangi isiyochomwa hubanduka kwa kuoshwa na kwa joto la mwale. Tofauti hii ni muhimu kwa mkusanyaji wa vitu vya kale na, kama itakavyoonekana, ni muhimu pia kwa mteuzi wa istilahi.

Inafaa kutaja hapa kwamba hata lugha zenye viwanda vya taa hizo hazikuzitaja kwa usahihi. Huko Marekani, taa za aina hii zenye kifuniko cha mviringo huitwa Gone with the Wind, kwa jina la filamu ya mwaka 1939. Filamu hiyo inahusu vita vya miaka ya 1860, ilhali taa zenyewe zilienea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Jina liliingia baada ya kifaa kupitwa na wakati, nalo likakipeleka kifaa kwenye kipindi kisicho chake. Huo ni mfano wa wazi wa jambo linaloweza kutokea pale jina linapotolewa na watu ambao hawakukitumia kifaa.

3.0 Tabaka za Majina

3.1 Taa

Neno taa ndilo la msingi na ndilo pana kuliko yote. Kwa kuwa halina alama ya wazi ya ukopaji, kwa kawaida hupita bila kuchunguzwa. Hata hivyo, likilinganishwa na maneno ya lugha za bara, linaibua suala la kuvutia. Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo karibu sana na Kiha, zina neno itara, wingi amatara. Luganda ina ettaala. Ulinganisho ufuatao wa Kiswahili na Kirundi unaonesha utaratibu:

(1) mvua : imvura
(2) njaa : inzara
(3) taa : itara

Katika (1) na (2) Kiswahili kimedondosha konsonanti *l ya asili iliyokuwa baina ya irabu, nayo Kirundi imeigeuza kuwa r. Mfano wa (3) unafuata utaratibu uleule. Iwapo itara lingekopwa moja kwa moja kutokana na umbo la sasa la Kiswahili, r hiyo isingekuwa na chanzo. Yapo maelezo mawili yanayowezekana. La kwanza ni kwamba maneno haya yana asili moja ya Kibantu. La pili ni kwamba neno lilisafiri kwa kupitia lugha ya bara ambayo haikudondosha l, na kufika nyanda za juu likiwa na konsonanti yake.

Ushahidi wa ngeli unaelekea upande wa maelezo ya pili. Katika Kiswahili, taa kwa kawaida hubaki taa katika wingi, yaani liko katika ngeli ya 9/10, kama mvua na njaa. Katika Kirundi, imvura na inzara vimo pia katika ngeli ya 9, lakini itara limo katika ngeli ya 5/6. Neno la urithi lingetarajiwa kubaki pamoja na wenziwe, ilhali neno geni aghalabu huingizwa katika ngeli ya 5/6. Historia nayo hailipingi jambo hili: kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, bidhaa za pwani zilifika Ujiji kwa misafara iliyopita Unyamwezi, na wapagazi wengi walikuwa watu wa bara. Kwa hiyo si lazima kudhani kwamba kila neno la kifaa cha pwani lilitoka kinywani mwa mtu wa pwani.

3.2 Kandili na fanusi

Tabaka la pili ni la Kiarabu. Kandili linatokana na qindil, ambalo nalo lilipita Kigiriki kutoka neno la Kilatini candela. Fanusi linatokana na fanus, lenye asili ya Kigiriki. Katika Misri na Shamu ya enzi ya Mamluki, hasa karne ya 13 na ya 14, qindil lilikuwa pia jina la taa za kioo zilizotundikwa misikitini, zikiwa zimenakshiwa kwa enameli na dhahabu. Nyingi ziliandikwa aya ya Nuru, inayofananisha nuru na taa iliyo ndani ya kioo. Kwa maneno mengine, dhana ya taa ya kioo kilichonakshiwa kwa rangi na kuchomwa imekuwamo katika historia ya neno hili karne nyingi kabla ya viwanda vya Pennsylvania.

Fasihi ya pwani inathibitisha kwamba taa za fahari hazikuwa ngeni. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, fahari ya majumba ya Pate iliyokwisha kuanguka inaelezwa, pamoja na mambo mengine, kwa wingi wa taa zilizoufanya usiku ufanane na mchana. Taa hapo ni kipimo cha utajiri, na kuzimika kwake ni kipimo cha maangamizi.

Hata hivyo, maana ya kandili imeteremka. Leo kwa wasemaji wengi ni taa ya kubeba, yenye fremu ya bati, mpini wa waya na kioo kisichopambwa, iwezayo kuhimili upepo. Kifaa kilichotundikwa msikitini na kile kinachotundikwa kwenye boriti ya zizi vimepata jina moja. Kilichobaki katika maana zote mbili ni sifa mbili tu: mwale umezungukwa na kioo, na taa hutundikwa au hubebwa.

3.3 Chemni na chemli

Tabaka la tatu ni la Kiingereza. Neno chimney, kwa maana ya bomba la kioo la taa, limeingia likiwa chemni. Tanzania bara hulitamka pia chemli. Badiliko hili si kosa la matamshi, kama linavyochukuliwa na baadhi ya walimu. Ni usilimisho kinyume: nazali mbili, m na n, zimefuatana, na ya pili imepoteza unazali wake na kuwa l. Lahaja kadhaa za Kiingereza chenyewe zimefanya vivyo hivyo na kupata chimley. Chemli, basi, lina haki ya kuingizwa katika kamusi kama kibadala.

Kisemantiki, neno hili limepanuka kutoka sehemu hadi kitu kizima. Kwanza chemni ni bomba la kioo. Kisha ikapatikana taa ya chemni, yaani taa yenye bomba hilo. Hatimaye chemli pekee ikawa jina la taa. Hivyo sentensi "chemli imevunjika" ina maana mbili, na gharama ya kila moja kwa mwenye nyumba si sawa.

3.4 Kibatari, koroboi na karabai

Kibatari na koroboi hutaja taa ndogo isiyo na kioo, aghalabu iliyotengenezwa kwa kopo na utambi wa pamba au kitambaa. Kiambishi ki- cha kibatari kinaafikiana na udogo wa kifaa. Sehemu iliyobaki hufananishwa na neno la Kiingereza battery, lakini maana haiafiki, kwani kibatari hakina betri. Neno la Kihindi na Kigujarati batti, lenye maana ya utambi na taa, liko karibu zaidi kimaana, ingawa silabi ya mwisho ya neno la Kiswahili inabaki bila maelezo.

Karabai ni taa ya pampu, yenye mwanga mkali, iliyotumika madukani na kwenye ngoma. Umbo la neno linaelekeza kwenye carbide, kemikali iliyotumika katika taa za aina nyingine kabisa, zisizo na pampu wala mafuta ya taa. Kama ni hivyo, jina lilihama kutoka taa moja kali hadi nyingine kwa sababu ya ukali wa mwanga, si kwa sababu ya muundo. Huo ni utaratibu uleule uliokwisha kuonekana katika kandili.

4.0 Titye: Pale Tabaka Zinapokutana

Kiha kimewekwa na Guthrie katika kundi la D60 kama D66, pamoja na Kinyarwanda (D61), Kirundi (D62), Kihangaza (D65) na Kivinza (D67). Msemaji wa Titye hupokea msamiati wa vifaa vipya kwa njia mbili: kwa Kiswahili cha shule, soko na utawala, na kwa mfumo wa ngeli wa lugha yake. Namna njia hizi mbili zinavyofanya kazi pamoja inadhihirika katika jina la kioo ndani ya kundi hili la lugha.

Kiswahili kina bilauri, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya kioo safi. Kirundi na Kinyarwanda zina ikirahuri, wingi ibirahuri. Silabi bi- ya bilauri, ambayo katika Kiarabu ni sehemu ya shina, imefasiriwa upya kuwa kiambishi cha wingi cha ngeli ya 8. Umoja ukaundwa kwa kutia kiambishi cha ngeli ya 7, l ikawa r, na h ikatenganisha irabu mbili. Kiswahili chenyewe kilifanya hivyo katika kitabu na vitabu. Mfano huu unaonesha kwamba wasemaji wa nyanda za juu hawakupokea tu maneno ya pwani; waliyachambua kwa sarufi yao na kuyafanya yao.

Jambo hili lina uzito kwa mada inayojadiliwa. Taa ya kioo kilichonakshiwa haikuwa kifaa cha kawaida cha kaya za Titye. Lakini dhana zinazoijenga, yaani taa, kioo, utambi, mafuta na nakshi, zote zina majina yanayojulikana huko au yaliyo karibu na yanayojulikana. Mwalimu atakayeeleza kifaa hicho kwa maneno haya ataeleweka. Atakayetumia neno lililotoholewa kutoka Kiingereza kwa ajili ya kila sehemu atalazimika kufafanua mara mbili: kwanza neno, kisha kitu.

5.0 Kuelekea Istilahi

5.1 Utata wa kiunganishi -a

Kikwazo kikubwa katika kuunda istilahi hizi ni kirai chenye -a. Linganisha:

(4) taa ya mafuta (nishati)
(5) taa ya kioo (malighafi)
(6) taa ya chemni (sehemu)
(7) taa ya mkono (namna ya kubeba)

Umbo ni moja, mahusiano ni manne. Kwa sababu hiyo, kutafsiri dhana ya "kupakwa rangi kwa mkono" kwa kusema "taa ya mkono" kutampeleka msikilizaji kwenye kandili. Vivyo hivyo, tafsiri ya moja kwa moja "kioo cha maziwa", kwa kioo cheupe kisichopenya macho, itaeleweka kuwa ni chombo cha kunywea maziwa. "Kioo cheupe kisichoangaza" nayo haifai, kwa kuwa kioo hicho hupitisha mwanga ingawa hakioneshi kilicho nyuma yake. "Kioo cheupe cha ukungu" inakaribia zaidi, kwani ukungu hupitisha mwanga na kuficha sura.

5.2 Kuchora, kupaka rangi, kunakshi

Kirai "taa iliyochorwa" kina utata: yaweza kuwa taa yenye michoro, au picha ya taa iliyo kwenye karatasi. "Taa iliyopakwa rangi" huondoa utata huo lakini hufuta sanaa. Mlango nao hupakwa rangi. Kitenzi -nakshi, chenye asili ya Kiarabu na kilichozoeleka katika kazi za mbao, fedha na vitambaa, kinabeba dhana ya mapambo yaliyofanywa kwa ustadi. Kinachohitajika ni kuongeza njia: "iliyonakshiwa kwa enameli" kwa rangi iliyochomwa, na "iliyonakshiwa kwa rangi baridi" kwa ile isiyochomwa.

Kuhusu umri, "kuukuu" haifai, kwani hudokeza uchakavu. "Ya kale" huhifadhi heshima ya kifaa.

5.3 Mapendekezo

Sehemu za taa zaweza kutajwa hivi:

(a) kitako: sehemu ya chini inayoisimamisha taa.
(b) tungi la mafuta: chombo cha kuwekea mafuta, kilicho chini ya mwale.
(c) mdomo: sehemu ya metali inayoshika utambi na kupitisha hewa.
(d) utambi: ukanda au bomba la nyuzi linalopandisha mafuta.
(e) chemni (pia chemli): bomba la kioo angavu linalozunguka mwale na kuvuta hewa.
(f) chengeu: kifuniko cha kupooza au kuelekeza mwanga, kilicho nje ya chemni.

Neno chengeu linastahili kutiliwa mkazo. Ni neno la Kiswahili lenye maana ya kizuizi cha mwanga, nalo limo katika kamusi, lakini waandishi hulikwepa na kusema "kivuli cha taa", ambacho ni kivuli kinachoangushwa na taa ukutani. Kusahauliwa kwa chengeu ndiko kunakofanya chemni na chengeu vichanganywe, ilhali kazi zake ni kinyume: kimoja huongeza mwanga, kingine huupunguza.

Kwa upande wa aina za taa, fasili isiyotosheleza ni ile inayosema tu kwamba kandili, fanusi, kibatari au karabai ni "aina ya taa". Fasili inayofaa ijibu maswali manne: taa hutumia nini, mwale una kioo au hauna, mafuta hupanda kwa utambi au kwa pampu, na taa huwekwa, hubebwa au hutundikwa. Kwa vigezo hivyo, kibatari ni taa ya mafuta yenye utambi, isiyo na kioo, ya kuwekwa au kubebwa. Kandili ni taa ya mafuta yenye utambi na kioo, ya kubebwa au kutundikwa. Karabai ni taa ya mafuta ya pampu, yenye kioo, ya kutundikwa au kuwekwa. Kifaa kilichoanzisha mjadala huu kinakuwa "taa ya mezani ya chemni, ya kale, yenye tungi na chengeu za kioo zilizonakshiwa kwa enameli". Kirai ni kirefu, lakini hakina neno hata moja la kuundwa upya, isipokuwa enameli.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba majina ya taa katika Kiswahili yana tabaka za Kibantu, Kiarabu na Kiingereza, pamoja na dalili za lugha za Bara Hindi, na kwamba safari ya majina hayo kuingia nyanda za juu za Kigoma haikuwa lazima ianze na kuishia kwa mtu wa pwani. Imeoneshwa pia kwamba dai la upungufu wa msamiati limetokana na fasili finyu na kusahauliwa kwa maneno yaliyopo.

Kuna kazi mbili zinazosubiri. Ya kwanza ni ya wanafunzi wa uzamili wanaotoka maeneo kama Kasulu na Kibondo: kukusanya majina ya taa na sehemu zake katika Kiha na katika Kiswahili cha huko, pamoja na vifaa vyenyewe au picha zake, wakati ambapo wale waliozijaza mafuta, kuzikata tambi na kuzifuta masizi bado wanaweza kuulizwa. Ya pili ni ya watunga kamusi: kuzirekebisha fasili kwa vigezo vilivyopendekezwa. Kazi ya kwanza haiwezi kuahirishwa. Fasili iliyo mbaya inaweza kusahihishwa katika toleo lijalo, lakini msemaji aliyeondoka na neno lake hana toleo la pili.